Tyubu Moja kwa Kila Mwasho

Ingia duka lolote la dawa mtaani, nyoosha mkono wenye mabaka, sema neno moja tu: "Inawasha." Aghalabu huulizwi mgonjwa ana umri gani. Huulizwi kama ni wewe au ni kichanga uliyemwacha kwa bibi yake. Muuzaji anageuka, anachomoa tyubu kwenye rafu, anaisukuma juu ya kaunta, na ukitaka kujua inapakwaje anakujibu bila kupepesa: asubuhi na jioni, mpaka ipone. Ndani ya tyubu hiyo mna dawa tatu zilizokorogwa pamoja. Kuna steroidi, mara nyingi klobetasoli au betamethasoni. Kuna gentamisini ya kuua bakteria. Kuna mikonazoli au klotrimazoli ya kuua fangasi. Upele, mapunye, pumu ya ngozi, vipele vya joto, chunusi za bibi harusi, yote hayo yanaandikiwa tyubu ileile.

Mantiki yake ni ya kivivu: kwa kuwa sijui unaumwa nini, chukua zote tatu, mojawapo itapiga. Na mojawapo hupiga kweli, hapo ndipo penye balaa. Steroidi kali huzima mwasho wa karibu kila kitu kwa siku mbili tatu. Mtoto aliyekesha akijikuna analala. Mama anashukuru. Shangazi anaambiwa, jirani anaambiwa, na tyubu inapata jina mtaa mzima. Hakuna aliyegundua kwamba yale mapunye yaliyokuwa duara safi lenye ukingo, ambayo hata mwanafunzi wa uuguzi angeyatambua kwa jicho, sasa yamepoteza ukingo, yametambaa mgongo mzima, na yakija kuonekana na daktari hayafanani tena na ugonjwa wowote uliomo kitabuni.

Lakini leo nina ugomvi kuhusu pumu ya ngozi hasa, ile ambayo vitabu vinaiita ukurutu wa atopi. Ni ugonjwa wa kudumu. Unakuja na kuondoka, unatulia miezi, unarudi kwa hasira msimu wa baridi au vumbi, na mara nyingi unatembea katika familia moja pamoja na pumu ya kifua na mafua ya mzio. Hauambukizi. Hautokani na damu chafu, na hakuna chupa ya mzizi iliyowahi kuusafisha damuni. Ngozi ya mgonjwa imepungukiwa uwezo wa kushika maji na kuzuia vichokozi, na kinga ya mwili wake inajibu vichokozi hivyo kwa ghadhabu iliyopitiliza. Basi tiba yoyote inayoahidi kuumaliza kwa tyubu moja ni uongo, iuzwe na mmachinga stendi au na mwenye koti jeupe.

Klobetasoli imo katika daraja la juu kabisa la steroidi za kupaka. Haidrokotisoni asilimia 1 imo daraja la chini kabisa, na umbali kati yao kwa vipimo vya maabara ni wa mamia ya mara. Dawa hiyo kali ina kazi yake ya haki: viganja vilivyokakamaa, nyayo zilizopasuka, sugu la ukurutu kwenye ugoko wa mtu mzima, kwa muda mfupi na chini ya jicho la mtaalamu. Kuipaka shavuni mwa mtoto wa miezi sita ni kuita gari la zimamoto lizime kibatari. Ukiipaka makalioni kisha ukafunga nepi juu yake, umeisukuma ndani zaidi, kwa sababu ngozi iliyofunikwa hufyonza dawa maradufu. Wapo vichanga duniani waliovimba uso na kukoma kukua kwa sababu hiyo tu. Karibu na macho, kwa matumizi ya muda mrefu, ni hatari ya presha ya macho na mtoto wa jicho. Kwapani, mapajani na kifuani mwa binti anayebalehe ni michirizi isiyofutika maisha yake yote.

Halafu tuna aibu nyingine ambayo hatupendi kuitaja. Tyubu hiyohiyo inauzwa pia kwa asiyeumwa chochote. Steroidi kali hung'arisha ngozi, na wachanganyaji wa mkorogo wamelijua hilo siku nyingi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi na haidrokwinoni kwa miaka mingi sasa, na mizigo inakamatwa, inachomwa moto mbele ya kamera. Lakini kemikali inayoitwa haramu ikiwa ndani ya kopo la urembo inakuwa halali ikiwa ndani ya tyubu ya dawa, kwa hiyo mwenye mkorogo anavuka tu barabara, ananunua tyubu kumi, anazikamulia kwenye losheni, na kazi imekwisha. Kuna mtu atakayeniambia kwamba tyubu kumi za ugonjwa wa ngozi kwa mteja mmoja ni matibabu?

Sasa nigeukie upande wa pili, maana huko nako kuna watu wanaodhani wameokoka. Hawa ni wazazi waliosoma, wenye simu nzuri na makundi ya WhatsApp ya malezi. Wao wamesikia steroidi ni sumu. Mtoto anapewa krimu sahihi na daktari sahihi, wanaipaka siku mbili kwa ncha ya kijiti cha pamba, wanaogopa, wanaacha. Ukurutu unarudi. Wanasema dawa haifanyi kazi, wanahamia kwa muuza krimu ya "asili tupu" inayotangazwa mtandaoni, nayo inafanya maajabu ndani ya wiki moja.

Maajabu hayo yameshapimwa. Mwaka 2003 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuchunguza krimu 24 za mitishamba ambazo wazazi walikuwa wakiwapaka watoto wao wenye ukurutu. Krimu 20 zilikutwa na steroidi, nyingi zikiwa kali au kali mno. Baadhi zilibandikwa jina la Wau Wa, mbili zikiitwa Muijiza, na zote hizo zilikuwa na klobetasoli. Wazazi walioikimbia haidrokotisoni ya hospitali walikuwa wakiwapaka watoto wao dawa iliyo kali kuishinda mara mamia, bila kipimo, bila onyo, na kwa bei ya juu. Nisingeshangaa hata kidogo mtu akizipeleka maabara krimu za asili zinazotangazwa kwetu na majibu yakafanana na hayo. Krimu ya majani inayokata mwasho wa ukurutu kwa usiku mmoja inastahili kupelekwa maabara kabla ya kupelekwa kwenye shavu la mtu.

Na hofu yenyewe ina ukubwa gani kwa vipimo? Watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, mwaka 2022 walikusanya majaribio yaliyolinganisha njia za kutumia steroidi za kupaka kwa ukurutu. Katika majaribio yaliyofuatilia ngozi kuwa nyembamba, waliopata tatizo hilo walikuwa 26 kati ya washiriki 2,266, wengi wao wakiwa wametumia zilizo kali. Majaribio mengi kati ya hayo yalikuwa ya muda mfupi, kwa hiyo hayampi mtu ruhusa ya kupaka mwaka mzima. Lakini yanaonyesha kwamba krimu ya nguvu inayostahili, mahali panapostahili, kwa muda unaostahili, siyo sumu. Uchambuzi huohuo ulikuta kupaka mara moja kwa siku kunatosha sawa na mara mbili. Ule wimbo wa "asubuhi na jioni" unamaliza tyubu haraka, na sioni faida yake nyingine. Na ulikuta jambo ambalo ningependa lipigwe chapa kwenye ukuta wa kila kliniki: baada ya ukurutu kutulia, kuendelea kupaka steroidi siku mbili tu kwa wiki mahali unapopenda kurudi kuliteremsha idadi ya waliorudiwa kutoka 58 kwa kila 100 hadi 25.

Kipimo nacho hakihitaji mizani. Kamua mstari kuanzia pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi nchani. Ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Kumfundisha mteja hilo kunachukua muda mfupi kuliko kumtafutia chenji.

Hapo sijagusa bado tiba inayodharauliwa kuliko zote, nayo ndiyo msingi: mafuta ya kupaka. Mafuta ya mgando ya kawaida. Robert Chesebrough aliipatia Vaseline hati ya ubunifu Marekani mwaka 1872, na hadi leo hakuna aliyeleta kitu cha kupaka kinachozuia maji kutoroka ngozini kwa bei hiyo. Soko, hata hivyo, halipendi kitu kisicho na hadithi. Mama anaambiwa losheni ya shayiri kutoka ng'ambo ndiyo ya watoto wa pumu ya ngozi, kopo dogo kwa bei ya chakula cha wiki, na anainunua kwa kukopa. Huko Uingereza walilipima suala hilo waziwazi. Watoto 550 wenye ukurutu waligawiwa losheni, krimu, jeli au mafuta mazito, wakafuatiliwa, na matokeo yakatoka mwaka 2022: hakuna aina iliyoishinda nyingine. Bora ni ile ambayo familia itaipaka kila siku bila kuchoka.

Kwa hiyo aina ya mafuta isikukoseshe usingizi. Kilichotushinda sisi ni wingi. Mtoto mwenye ukurutu wa mwili mzima anahitaji kama gramu 250 kwa wiki. Kopo zima kubwa, kila wiki! Nyumbani kwetu kopo hilo linakaa miezi, familia nzima inachovya humo, na mtoto anapakwa usoni na miguuni asubuhi ya kwenda shule ili asionekane amepauka mbele ya mwalimu. Hayo ni mapambo. Na ukiyaandika mafuta hayo kwenye fomu ya bima, jibu nililowahi kuonyeshwa na ndugu yangu mmoja lilikuwa mstari mwekundu na neno "kipodozi". Bima hiyohiyo ilikuwa tayari kulipia sindano za kuponya majipu yaliyotokana na ngozi kavu iliyokunwa mpaka ikachubuka.

Kuhusu mafuta ya jikoni, kwa sababu najua mtaniuliza. Ya zeituni, yenye heshima ya dini na ya mabibi, hayafai: majaribio ya Sheffield yaliyotolewa mwaka 2013 yaliyakuta yakidhoofisha ukuta wa ngozi hata kwa watu wazima ambao hawajawahi kuugua ukurutu. Ya alizeti hayakuonyesha madhara hayo (Singida mnasikia?). Ya nazi yaliyokamuliwa bila kuchomwa yalifanya vizuri katika jaribio la watoto nchini Ufilipino mwaka 2014, hivyo bibi wa Tanga na wa Mombasa ana haki ya kujivuna kidogo. Sabuni ya mche, iacheni ifue nguo. Zile dawa za kuua vijidudu zinazomiminwa kwenye beseni la mtoto mpaka maji yakawa meupe zinachoma ngozi ambayo tayari imechubuka. Na samaki, mayai na maziwa msimwondolee mtoto kwa kubahatisha. Nimeona watoto waliobaki mifupa kwa sababu ya orodha ya vyakula vya marufuku iliyoandikwa na jirani, na ukurutu wao upo palepale.

Ulinganisho huu wote wa tiba una kasoro inayonikera zaidi, kwa kuwa haitoki dukani, inatoka vitabuni. Vitabu vinasema ukurutu ni wekundu. Vipimo vya ukali wa ugonjwa vinahesabu wekundu. Ngozi nyeusi haiwi nyekundu hivyo. Kwetu ukurutu ni kijivu, ni kahawia iliyokolea, ni zambarau, ni vipele vidogovidogo kwenye vinyweleo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, ni ngozi iliyokunwa ikawa nene. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba baada ya kurekebisha hesabu kwa tatizo hilo la wekundu, watoto weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara sita wa kuwa na ukurutu mkali kuliko weupe. Maana yake walikuwa wamekaa mbele ya daktari, wanaumwa sana, na fomu inasema wanaumwa kidogo. Mizani hiyo ndiyo inayotumika pia kupima kama dawa mpya imefanya kazi, na wengi wa wanaopimwa kwenye majaribio makubwa ni weupe.

Kuna pia doa linalobaki. Ukurutu ukipoa kwenye ngozi nyeusi huacha alama, nyeusi zaidi au nyeupe zaidi ya ngozi jirani, kwa miezi. Alama hiyo si ugonjwa tena. Hakuna anayemwambia mama. Akiona jeusi anadhani haijapona, anaendelea kupaka tyubu kwa miezi, na sasa kweli ngozi inaharibika. Akiona jeupe anadhani dawa imemchoma mtoto, anaacha kabisa, na ukurutu unafumuka. Kosa hilo moja la maelezo linazalisha wagonjwa wa makundi yote mawili niliyoyataja: wanaopaka kupita kiasi na wanaokimbia. Daktari ambaye hakuitamka sentensi hiyo kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti hajatibu, hata kama dawa aliyoandika ni sahihi.

Vipi wale ambao mafuta na steroidi havikuwatosha? Wapo, na wanateseka. Ipo takrolimusi ya kupaka, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, isiyopunguza unene wa ngozi, hivyo inafaa usoni na kope. Inaunguza siku za mwanzo, na mgonjwa asipoonywa anaitupa. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2024, uliolinganisha dawa za kupaka katika majaribio karibu 300, uliiweka ile ya asilimia 0.1 katika kundi la juu, pamoja na steroidi zenye nguvu na krimu mpya za kuzuia vimeng'enya vya JAK. Soma tena. Steroidi za senti, zilizotokana na kazi iliyoanza New York mwaka 1952, zimekaa meza moja na krimu mpya za mamia ya dola.

Kisha ipo sindano, dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa bei ya dola 37,000 kwa mwaka. Inafanya kazi, na sitaki kuidharau. Imewarudishia watu maisha. Lakini kila mara kongamano la ngozi linapofanyika mabango ni ya sindano hiyo na wenzake, na swali la mgonjwa wa Mbagala halipandi jukwaani. Swali lake ni methotreksati. Vidonge vya zamani, vya bei nafuu, ambavyo hospitali zetu kubwa zinavijua kwa sababu ya saratani na baridi yabisi. Jaribio la Uingereza na Ireland lililotangazwa mwaka 2023 liliwapambanisha watoto 103 wenye ukurutu mkali, nusu kwa siklosporini na nusu kwa methotreksati. Siklosporini iliwahi, ikaongoza wiki ya 12. Methotreksati ilichelewa, lakini dawa zilipositishwa, watoto wake ndio waliobaki wametulia zaidi. Vidonge hivi vinataka nidhamu: vinamezwa mara moja kwa wiki, na anayevimeza kila siku anaweza kufa, damu na ini vipimwe, mjamzito asiviguse. Yote hayo yanawezekana Muhimbili, Bugando na Kenyatta. Nataka kusikia vikitajwa kwa sauti ileile inayotumika kuitaja sindano.

Sasa nani afanye nini. India, ambako nyingi kati ya tyubu hizi za dawa tatu zinatengenezwa, mwaka 2018 iliziweka krimu 14 za steroidi kwenye orodha ya dawa zisizouzwa bila cheti cha daktari, baada ya madaktari wake wa ngozi kupiga kelele kwa miaka. Wenye kiwanda wameona moshi. Sisi wanunuzi bado tunapunga upepo. TMDA, mamlaka ya dawa hapa Tanzania, na Bodi ya Famasi na Sumu Kenya wafanye jambo dogo: klobetasoli isitoke rafuni bila cheti, na tyubu ya dawa tatu isisajiliwe upya mpaka mwenye nayo athibitishe inatibu ugonjwa gani kwa jina. Akisema "magonjwa ya ngozi", arudishiwe faili lake.

Msiniambie wataalamu hawapo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi tangu mwaka 1992, ambacho kimewafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika kutambua na kutibu ngozi kwa vifaa vya wilayani. Pale pale ndipo yalipoanzia mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino, yaliyotengenezwa na mikono ya Watanzania kwa sababu ya nje yalikuwa ghali. Kama tuliweza kutengeneza kinga ya jua, ambayo ni kazi ngumu, tutashindwaje kupakia mafuta ya mgando kwenye makopo ya gramu 500 na kuyapeleka zahanati kama tunavyopeleka paracetamoli? Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Geneva azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya. Wajumbe wetu wana kiti kwenye mkutano huo. Bajeti ijayo ya afya itakaposomwa nitaitafuta humo bei ya kopo la mafuta, na nikiikosa nitaandika jina la waziri kwenye safu hii kila wiki mpaka aniite tuzungumze.